HAMU YA CHAKULA: KUFULI, UFUNGUO NA DAWA ZA DUKANI
(Somo la kujadiliwa katika vikundi)



Somo la safari hii limetokana na swali tuliloulizwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha akina mama hapa Shieywe. Mweka hazina alisimama akauliza: "Mtoto wa mwenzetu hataki kula. Je, ni vibaya tukitoa pesa za mfuko tumnunulie ile dawa ya hamu ya chakula?" Siku hiyo tulijibu haraka haraka, na jibu letu halikuwa zuri. Leo tunajibu pole pole. Someni sehemu moja moja, mmoja wenu asome kwa sauti, halafu mzungumze kabla ya kuendelea.

1. MAMBO YALIYOTOKEA

Mtoto mwenyewe alikuwa na miaka 4. Mama yake huuza mboga sokoni, kwa hivyo mchana mtoto hushinda na kukhu wake. Ukimpa uji anakunywa vijiko vitatu, anasukuma kikombe. Ugali anaushika tu mkononi mpaka unakauka.

Kikundi kilichanga, chupa ya dawa tamu ya maji ikanunuliwa dukani. Hakuna aliyeandikiwa na daktari. Wiki ya kwanza kulikuwa na furaha, maana mtoto aliamka akidai ugali na omena. Sisi tulipita kuwatembelea tukasema, "Afadhali, sasa anakula." Tukaandika kwenye daftari letu kwamba mtoto anaendelea vizuri. Hatukumpima uzito. Hatukuuliza kama anakohoa. Hilo ni kosa letu wenyewe, si la akina mama.

Chupa ya pili ilipofika nusu, mtoto akawa anasinzia mchana kutwa. Kwenye chupa ya tatu kikohozi kikasikika wazi. Aliyetufungua macho ni kukhu. Alisema: "Mtoto huyu anakula, lakini mbavu zinaendelea kutokea. Chakula kinakwenda wapi?"

Hospitalini waligundua ana TB. Mtu mzima mmoja katika boma hilo alikuwa akikohoa kwa muda mrefu, naye hakuwa amepimwa. Wote wawili walianzishiwa dawa, na leo mtoto yuko chekechea, anakimbia na wenzake. Lakini ile miezi miwili ya chupa tatu ilikuwa ya hatari. Dawa iliamsha hamu ya kula, na hamu hiyo ikatuficha ugonjwa.

Ili jambo hili lisirudiwe, inafaa tuelewe hamu ya chakula inatoka wapi, na dawa huishikaje.

2. TUMBO LINA MJUMBE WAKE

Watu wengi hufikiri njaa ni tumbo kuwa tupu tu, basi. Si hivyo kabisa. Njaa inasikika ubongoni, na tumbo huwasiliana na ubongo kwa njia ya wajumbe. Mjumbe wa namna hii huitwa homoni. Hutengenezwa sehemu moja ya mwili, hubebwa na damu, na hufanya kazi sehemu nyingine.

Mjumbe mkuu wa njaa huitwa grelini. Kwa sehemu kubwa hutengenezwa katika ukuta wa tumbo. Hupanda kabla ya chakula na kushuka baada ya kula. Tena hujifunza saa za nyumbani kwako. Ukizoea kula saa saba mchana, grelini huanza kupanda kabla ya saa saba kufika. Ndiyo sababu mtoto anayelishwa leo asubuhi, kesho jioni, kesho kutwa wakati wowote, huwa na hamu iliyochanganyikiwa. Kumlisha kwa saa zilezile kila siku hakugharimu hata senti.

Grelini pia huambia tezi moja ndogo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, itoe homoni ya kukua.

3. UFUNGUO WA KUCHONGA ULITANGULIA

Mjumbe akifika haingii popote tu. Kwenye ngozi ya seli fulani za ubongo kuna kitu kinachomngojea, nacho huitwa kipokezi. Tuseme ni kufuli, na grelini ni ufunguo wake. Seli isiyo na kufuli hilo haisikii habari ya grelini, hata ikipita mlangoni kwake.

Historia ya kufuli hili ni ya kinyume. Kwa kawaida fundi huona kufuli kwanza, ndipo achonge ufunguo. Hapa ufunguo wa kuchonga ulitangulia. Katika miaka ya 1970 na 1980, daktari Cyril Bowers wa Marekani na wenzake walitengeneza kemikali ndogo ndogo zilizoifanya pituitari itoe homoni ya kukua. Zilifanya kazi, lakini hakuna aliyejua zinashika wapi. Mwaka wa 1996 watafiti wa kampuni ya Merck walitangaza kwamba wamelipata kufuli lenyewe. Hata hivyo, ufunguo wa asili, ule uliowekwa na mwili, ulikuwa bado haujulikani. Mwaka wa 1999 Masayasu Kojima na Kenji Kangawa wa Japani wakaupata, na mahali walipoupata palishangaza wengi: tumboni mwa panya. Wakauita grelini.

4. UFUNGUO UNAINGIAJE, NA KUFULI LINAFUNGUKAJE?

Hapa tuende taratibu, maana ndipo kiini cha somo.

Kwanza, ufunguo wenyewe. Grelini ni kama mshipi wa shanga 28. Kwenye shanga ya tatu mwili hubandika kipande kidogo cha mafuta. Bila kipande hicho, grelini hupita mlangoni bila kufungua. Ni kama ufunguo uliokatika jino lake.

Pili, kufuli. Kipokezi hiki ni uzi mmoja mrefu wa protini, uliopita na kurudi kwenye ngozi ya seli mara 7, kama mtu anayeshona mdomo wa gunia kwa shazia. Katikati ya mishono hiyo kuna mfuko mdogo unaotazama nje. Ufunguo huingia kwenye mfuko huo. Mwaka wa 2020 watafiti wa Japani walichapisha picha ya umbo lake, wakaonyesha kwamba mfuko umegawanywa na kitu kama daraja, ukawa na vyumba viwili. Mwaka wa 2021 watafiti wa China walionyesha kufuli hilohilo likiwa na ufunguo ndani, limefunguka.

Tatu, kufunguka. Mfano wetu wa kufuli una mpaka, kwa sababu kufuli la chuma halibadiliki umbo lakini hili hubadilika. Grelini ikikaa sawasawa mfukoni, mishono ya uzi husogea, na upande wa ndani wa seli nafasi hufunguka. Mfanyakazi aliyekuwa akingoja ndani, aitwaye protini G, hupata mahali pa kushika, naye huamsha wengine. Madini ya kalsiamu huongezeka ndani ya seli, na habari ya njaa huendelea mbele. Angalieni jambo hili: ufunguo haukuingia ndani ya seli. Ulibaki mlangoni. Kilichopita ni habari tu.

Sasa, kitu chochote kinachoweza kukaa kwenye mfuko ule kinaweza kufanya moja kati ya mambo matatu:

(a) Kinakaa na kufungua. Ndivyo grelini inavyofanya, na ndivyo dawa za kuiga grelini zinavyofanya.

(b) Kinakaa bila kufungua. Kinaziba tundu tu, na ufunguo halisi ukija haupati nafasi.

(c) Kinakaa na kufunga zaidi. Hili linawezekana kwa sababu kufuli la grelini halifungiki kabisa. Hata bila ufunguo huwa wazi kidogo na kutoa habari, kama mlango wa jikoni usioshika vizuri. Kwa hivyo kuna vitu vinavyoweza kuusukuma ukafunga.

Mwili wenyewe una kizuizi chake. Mwaka wa 2018 watafiti walionyesha kwamba homoni moja inayotoka kwenye ini na utumbo mwembamba, iitwayo LEAP2, hukaa kwenye kufuli hilohilo na kuipinga grelini. Ukila hupanda, ukifunga chakula hushuka. Basi mwilini kuna mwenye kufungua na mwenye kuziba, na wote hufanya kazi kwa zamu. Mtu akileta ufunguo wa dukani anaingilia mazungumzo ambayo hakuyasikia tangu mwanzo.

5. DAWA ZILIZOCHONGWA KWA KUFULI HILI

Je, dawa kama hizo zipo? Ndiyo, lakini ni chache.

Moja huitwa anamorelini. Mgonjwa huimeza, nayo hukaa kwenye kufuli la grelini na kulifungua. Ilikusudiwa wagonjwa wa saratani wanaokonda na kukosa hamu ya kula. Katika majaribio makubwa, wagonjwa waliongezeka uzito, na nyama ya mwili ikaongezeka kidogo. Walipopimwa nguvu ya kukamata kwa mkono, haikuongezeka. Kwa sababu hiyo na nyingine, wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliikataa mwaka wa 2017. Japani iliikubali mwaka wa 2021 kwa wagonjwa wa aina chache za saratani, chini ya daktari.

Tulisimama hapa kidogo tulipokuwa tukiandaa somo hili. Watu wazima walipimwa na wataalamu, wakapewa dawa inayoingia kwenye kufuli lenyewe, uzito ukapanda, lakini mkono haukupata nguvu. Basi sisi tuliomtazama mtoto mashavu tukasema "anaendelea vizuri", tulikuwa tunapima nini?

Dawa nyingine, masimorelini, ilikubaliwa Marekani mwaka wa 2017. Hiyo hutumiwa kupima watu wazima kama pituitari yao inatoa homoni ya kukua. Si ya kumnenepesha mtu. Ya tatu, ibutamoreni, huuzwa kwa vijana wanaotaka misuli, ingawa Marekani haijaikubali kuwa dawa. Kijana wako akikuonyesha kwenye simu, mwambie hivyo.

6. ILE CHUPA TAMU HAIKUWA YA KUFULI HILI

Dawa za maji ambazo watu wetu huziita "dawa ya hamu" mara nyingi huwa na siproheptadini. Hii ni dawa ya zamani ya mzio, yaani kuwashwa na mafua ya vumbi. Haifungui kufuli la grelini. Kazi yake kubwa ni ile ya kuziba. Inaziba kufuli la histamini na kufuli la serotonini. Histamini ndiyo inayoleta mwasho, lakini ubongoni pia hutusaidia kukaa macho. Serotonini, pamoja na kazi nyingine, huuambia ubongo kwamba umeshiba. Sauti ya shibe ikizibwa, mtu hula. Sauti ya kukaa macho ikizibwa, mtu husinzia. Sasa mnaelewa kwa nini mtoto wetu alikula na kulala kutoka chupa ileile.

Hatusemi dawa hii ni sumu. Kuna madaktari wanaoiandika kwa sababu maalum, kwa kipimo, na kwa kumfuatilia mgonjwa. Tunasema yafuatayo:

- Haifai watoto wachanga, na usalama wake kwa watoto wa chini ya miaka 2 haujathibitishwa. Mama anayenyonyesha pia haifai.

- Hulegeza na kusinzisha. Mwenye bodaboda aliyeinywa asibebe abiria. Ikichanganywa na pombe huwa mbaya zaidi.

- Mtoto akinywa nyingi kwa sababu ni tamu, anaweza kuona vitu visivyokuwepo, kupata degedege, hata kufa. Chupa isikae mahali mtoto anafika.

- Wasichana hununua dawa za aina hii ili wapate umbo. Moja iliyovuma duniani ni Apetamin, na mwaka wa 2023 idara ya dawa ya Marekani ilionya watu wasiinunue wala kuitumia.

Kuna pia vidonge vya aina ya steroidi, kama deksamethasoni na prednisoloni. Hospitalini huokoa maisha. Lakini mtu akivitumia kwa siri ili anenepe, uso huvimba, sukari hupanda, kinga hupungua na TB iliyojificha hupata nafasi. Na akishavitumia kwa muda mrefu, asiache ghafla. Aende hospitalini aseme ukweli wote, aelekezwe namna ya kupunguza.

7. MTOTO MWENYE UTAPIAMLO: MJUMBE YUPO, ANAPIGA KELELE

Mtu atauliza: mtoto aliyekonda hali kwa sababu hana grelini, si ndiyo? Hapana. Watafiti walipima damu ya watoto wenye utapiamlo mkali katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na ripoti yao ilitoka mwaka wa 2014. Grelini ilikuwa juu watoto walipoingia, ikashuka walipotibiwa. Mjumbe wa njaa alikuwa kazini.

Mbona basi mtoto mgonjwa anakataa chakula? Kwa sababu ugonjwa nao una wajumbe wake. Mwili ukipigana na TB, malaria au homa ya mapafu, hutoa kemikali zinazofika ubongoni na kuifunika sauti ya njaa. Kinywa chenye vidonda, minyoo, upungufu wa madini ya zinki na huzuni pia huondoa hamu. Kumwongezea mtoto kelele za njaa wakati ugonjwa unaendelea ni sawa na kumwita kwa nguvu mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba. Anasikia, lakini hawezi kutoka. Mfungulie kwanza.

Hii ndiyo sababu wauguzi hufanya jaribio la hamu ya kula. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hupewa ile pakiti ya njugu iliyotengenezwa kama dawa, mama yake anamlisha pole pole mahali patulivu, muuguzi akitazama. Akila vizuri na hana ugonjwa mwingine mzito, anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Akikataa, hulazwa. Kwa muuguzi, kukosa hamu ni dalili ya hatari inayotaka kuchunguzwa. Kwetu sisi lilikuwa jambo la kufunika kwa chupa tamu.

8. KIKUNDI KIFANYE NINI?

Kwanza, pimeni. Mhudumu wa afya wa kijiji ana utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, aende hospitali siku hiyohiyo. Kutoka 11.5 mpaka chini ya 12.5 ni manjano, aende kliniki. Miguu yote miwili ikivimba, ni hatari hata kama mkono ni mnene.

Pili, ulizeni. Anakohoa zaidi ya wiki mbili? Anatoka jasho usiku? Kuna mtu mzima bomani anayekohoa? Ana homa, anaharisha, ana vidonda kinywani? Mara ya mwisho kupewa dawa ya minyoo ilikuwa lini? Jibu likiwatia wasiwasi, pesa za mfuko zilipe nauli ya hospitali kabla ya kununua chupa yoyote. Matibabu ya TB katika vituo vya serikali ni bure. Nauli ndiyo hukwamisha watu, na hapo ndipo kikundi kina nguvu.

Tatu, lisheni kidogo kidogo, mara nyingi, kwa saa zilezile. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji uongezewe njugu za kusaga, maziwa, kijiko cha mafuta au omena iliyosagwa. Yai, ndizi, viazi vitamu, kunde na mrenda tunavyo hapa hapa. Mtoto asilazimishwe wala kupigwa ili ale. Akae na mtu anayemwongelesha.

Nne, anayeuza dawa aulizwe jina la dawa iliyomo na ni ya nani. Akikataa kusema, rudisheni pesa mfukoni.

Tano, aliyekwisha kuanza dawa hizi asichekwe. Akichekwa ataficha, na akificha hatutajua mpaka mambo yaharibike.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika boma zetu, ni nani anayekula chakula kidogo siku hizi? Je, tunajua sababu, au tunakisia?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe: kuna tofauti gani kati ya dawa inayofungua kufuli na dawa inayoliziba?

3. Kwa nini uzito kupanda hautoshi kusema mtu amepona?

4. Mfuko wetu una kiasi gani cha nauli ya dharura? Nani anashika, na usiku anapatikana?

5. Sisi wenyewe tumewahi kusema "anaendelea vizuri" bila kupima?

Swali la tano tulijiuliza sisi kwanza. Siku hizi tukitembelea boma tunabeba utepe na mizani kwenye kikapu, na tunapima kabla ya kuandika neno lolote kwenye daftari. Na kukhu akisema neno juu ya mtoto aliyelala mgongoni kwake kila siku, tunakaa chini tumsikilize.